Kikulacho ki Nguoni Mwako: Kupe, Papasi, Viroboto na Utafiti Uliopitia Pwani Yetu

Shangazi yangu, aishiye ndani kidogo ya Mtwapa, alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi. Alimnunua kwa pesa za chama alizoziweka kwa miaka minne, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakilipa karo ya mjukuu na kununua unga. Jumatatu moja ng'ombe alikataa majani. Jumanne joto lilikuwa juu, na chini ya masikio palivimba mitoki miwili mikubwa kama maembe machanga. Shangazi akaenda dukani kwa muuza dawa za mifugo, akaeleza, akapewa chupa ya dawa ya kawaida ya kuua bakteria, akaambiwa "hii hutibu kila homa". Alhamisi ng'ombe alikuwa akihema kwa tabu, povu likimtoka puani. Ijumaa, kabla ya adhana ya swala, alikuwa amekufa.

Nilipofika kumpa pole, shangazi aliniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: "Mwanangu, hivi ugonjwa huu una jina?"

Una jina. Na jina lenyewe, ajabu ya Mungu, ni letu. Duniani kote madaktari wa mifugo huuita homa ya Pwani ya Mashariki, na Pwani inayotajwa hapo ni hii yetu ya Afrika Mashariki. Wenzetu wa Tanzania huuita ndigana kali. Mimi si daktari, ni mwandishi tu, lakini nimekaa nikasoma, nikauliza wanaojua, na haya ndiyo niliyoyapata kuhusu wadudu wadogo wanaotunyonya sisi na mifugo yetu, na kuhusu watu waliotumia maisha yao kuwachunguza. Msomaji aweke makala haya mahali atakapoyapata siku ya haja.

KUPE SI KIROBOTO

Tuanze na kutofautisha. Kupe ni jamaa ya buibui. Akiwa mkubwa ana miguu minane, na akitoka yaini ana sita. Haruki. Hupanda juu ya jani, akanyoosha miguu ya mbele, akangoja mnyama apite. Wako kupe wenye gamba gumu mgongoni, hawa tunaowaona masikioni mwa ng'ombe na shingoni mwa mbwa, ambao hung'ang'ania siku kadhaa. Na wako wenye ngozi laini, nao ndio papasi, ambao huishi ndani ya nyumba, hunyonya usiku kwa muda mfupi kisha hurudi kujificha kwenye nyufa.

Kiroboto ni mdudu kamili mwenye miguu sita, hana mbawa, lakini huruka mbali kuliko umbo lake. Wako wa panya, wa paka, wa mbwa, na yuko mmoja mdogo zaidi ambaye haridhiki kuuma nje, huingia ndani ya nyama. Huyo ni funza.

Wote hawa wana jambo moja la pamoja: hunyonya damu ya mmoja wakaenda kwa mwingine. Na hapo ndipo maradhi hupata njia ya kupita.

HOMA ILIYOPEWA JINA LA PWANI

Mwishoni mwa karne ya 19 kusini mwa Afrika kulikuwa na msiba. Sotoka iliua ng'ombe wengi mno mwaka 1896 na 1897, kisha vikaja vita vya Waingereza na Makaburu, kuanzia 1899 hadi 1902, vikamaliza waliobaki. Walowezi wakatafuta ng'ombe wa kujazia. Wakaagiza kutoka pwani ya Afrika Mashariki, wakapakiwa melini, wakateremshwa bandari ya Beira, wakapelekwa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Ng'ombe hao walionekana wazima. Lakini kufikia mwaka 1902 ng'ombe wa kule walikuwa wakifa kwa makundi kwa homa ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Akaitwa Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa maarufu kwa kugundua kijidudu cha kifua kikuu. Alipofika Bulawayo mwaka 1903 alikumbuka kuwa vimelea vya namna hiyo alikwishaviona katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam miaka michache kabla. Akaelewa kwamba ugonjwa umetoka pwani, akauita homa ya pwani ya Afrika. Dawa aliyoijaribu haikufaulu. Waliofumbua fumbo ni wawili waliokuwa wakifanya kazi Afrika Kusini: Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu, aliyeonyesha mwaka 1904 kwamba mbebaji ni kupe wa kahawia apendaye masikio ya ng'ombe, na Arnold Theiler, daktari wa mifugo, aliyekichambua kimelea chenyewe. Ndiyo maana kimelea hicho leo huitwa Theileria parva.

Hapa pana somo ambalo mara nyingi hupita bila kusemwa. Wale ng'ombe wetu wa asili waliosafirishwa hawakuwa wagonjwa machoni. Walikuwa wameishi na kupe tangu wakiwa ndama, waliokuwa wa kufa walikufa, na waliobaki walikuwa na kinga, lakini bado walikibeba kimelea. Ng'ombe wa kusini hawakuwa na kinga hiyo. Hili ndilo lililompata shangazi. Ng'ombe wa gredi, ambaye ukoo wake umetoka Ulaya, akiletwa Pwani ni mgeni katika nyumba ambayo wenyeji wamekwisha kuyazoea maradhi yake.

Afrika Kusini ilipigana na homa hii kwa majosho, kwa nyua na kwa kuchinja makundi yaliyoambukizwa, ikachukua karibu nusu karne kuimaliza. Sisi huku hatuwezi kufuata njia hiyo, maana kupe yuko kila kichaka, na nyati wa porini nao hukibeba kimelea.

MARIAKANI NA MARIKEBUNI KATIKA MAABARA ZA DUNIA

Kimelea huyu anafanya kazi kwa ujanja. Kupe mchanga hunyonya ng'ombe aliyeambukizwa, huanguka chini, hujibadili umbo, kisha hupanda ng'ombe mwingine. Anapoanza kunyonya, vimelea vilivyo katika tezi zake za mate bado havijaiva. Huchukua siku kama tatu au nne kuiva, ndipo vikaingia na mate ndani ya ngozi. Vikiingia, huvamia chembe nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni ulinzi, na kuzilazimisha zizaliane ovyo kama saratani. Ndiyo mitoki inayovimba chini ya masikio na mbele ya bega. Mwishowe mapafu hujaa maji. Kutoka kuumwa na kupe hadi kifo, mara nyingi ni wiki tatu au nne tu.

Watafiti waligundua mapema kwamba ng'ombe aliyepona haugui tena kwa kimelea kile kile. Kazi ikawa kumfanya ng'ombe augue kidogo bila kufa. Jibu lilipatikana Muguga, karibu na Nairobi, katika kituo cha utafiti wa mifugo kilichokuwa cha nchi zetu tatu za Afrika Mashariki pamoja. Miaka ya 1970 watafiti wa hapo, akina Matthew Cunningham na David Radley, waliwasaga kupe walioambukizwa, wakachuja vimelea hai, wakavigandisha kwa baridi kali. Kisha ng'ombe akapigwa sindano ya vimelea hivyo na, saa ile ile, sindano ya oksitetrasiklini ya kukaa mwilini muda mrefu. Dawa huzuia ugonjwa usipae, na mwili hupata nafasi ya kujifunza. Hii ndiyo chanjo inayojulikana kama ya Muguga, na inatumika hadi leo.

Pwani yetu iliingia katika hadithi hii kwa mlango mkubwa. Vimelea vya ugonjwa huu havifanani kila mahali. Kinga dhidi ya kimoja yaweza isitoshe dhidi ya kingine. Kwa hiyo watafiti walikusanya vimelea kutoka sehemu mbalimbali na kuvipa majina ya mahali vilikotoka. Ukisoma maandishi ya kisayansi ya ugonjwa huu, utayakuta majina ya Mariakani, Kilifi na Marikebuni, kijiji cha upande wa Malindi, yakitajwa na wataalamu ambao pengine hawajawahi kukanyaga mchanga wa huku. Kimelea cha Marikebuni ndicho kilichotumika miaka ya 1980 kuwachanja ng'ombe katika majaribio ya Mkoa wa Pwani, kwa hoja kwamba ni afadhali kutumia cha nyumbani kuliko kuleta cha mahali pengine tusichokijua.

Watafiti wa kituo cha kilimo cha Mtwapa pamoja na wenzao wa maabara ya kimataifa ya Nairobi walipita pia tarafa ya Kaloleni wakipima damu za ng'ombe wa kienyeji. Walikuta kwamba maambukizi hutofautiana kutoka ukanda mmoja wa kilimo hadi mwingine, hata ndani ya tarafa moja. Maana yake ni kwamba ushauri wa mfugaji wa penye minazi na mihogo hauwezi kuwa sawa na wa mfugaji wa nyika kavu ya ndani.

Mwaka 2005 orodha nzima ya vinasaba vya Theileria parva ilichapishwa, na miaka hiyo hiyo yakatoka matokeo ya majaribio ya chanjo ya aina mpya, isiyotumia kimelea hai bali kipande cha protini ya ngozi yake. Majaribio hayo yalifanyika Bonde la Ufa na hapa Pwani, na yakapunguza ugonjwa mkali kwa takriban nusu. Nusu ni habari njema kwa mtafiti. Kwa mwenye ng'ombe mmoja haitoshi, ndiyo maana chanjo ya Muguga bado haijapata mrithi.

KWA NINI CHANJO HAIKUMFIKIA SHANGAZI

Hapa ndipo pananiuma. Chanjo ipo, imefanyiwa kazi nchini mwetu, na hutolewa mara moja tu katika maisha ya mnyama. Kwa nini basi shangazi hakuwahi kuisikia?

Sababu ya kwanza ni namna inavyohifadhiwa. Vimelea ni hai, kwa hiyo lazima vikae ndani ya mtungi wa naitrojeni ya maji, baridi kuliko friji yoyote ya dukani. Ya pili ni kipimo. Kwa miaka mingi mrija mmoja wa chanjo umekuwa wa ng'ombe 40 hivi, na ukishayeyushwa lazima utumike ndani ya saa chache. Mtaalamu hawezi kufungua mrija wa ng'ombe 40 kwa ajili ya ng'ombe mmoja wa mjane. Wafugaji wa Kimasai, wenye makundi makubwa, wamefaidika sana kwa sababu hiyo, hasa kaskazini mwa Tanzania. Sisi wa ng'ombe mmoja-mmoja nyuma ya nyumba tumebaki nje.

Lakini hesabu hii ina jawabu, na jawabu si la kisayansi. Kijiji kimoja chenye wafugaji 20 wa ng'ombe wawili-wawili tayari kina ng'ombe 40. Kinachohitajika ni chama, orodha, siku moja, na uwanja. Tunajua kufanya hivyo kwa harusi na kwa matanga. Kaunti zetu zina idara za mifugo. Zikiombwa na kikundi kilichojiandaa, ni vigumu zaidi kusema hakuna.

Chanjo hii haimkingi ng'ombe na maradhi mengine ya kupe. Kuna ndigana baridi, kuna ugonjwa wa kukojoa damu, na kuna ule wa maji kujaa kwenye moyo. Kwa hiyo aliyechanjwa bado ataogeshwa dawa ya kupe, ila si kwa wingi ule wa zamani.

Na aliyekwisha kuugua? Ipo dawa ya kuua kimelea hiki, buparvakwoni. Hufanya kazi vizuri ikiwahi, siku za mwanzo mitoki inapovimba na joto kupanda. Mnyama akishaanza kutoa povu, mara nyingi umechelewa. Ile chupa aliyouziwa shangazi haikuwa sumu, lakini kwa ugonjwa uliokwisha kupamba moto haikuwa dawa.

PAPASI: HOMA INAYOKWENDA NA KURUDI

Wazee wetu waliijua papasi kabla ya mzungu yeyote kuandika habari zake. Jina lenyewe la Kiswahili limeingia katika vitabu vya wasafiri wa karne ya 19. Misafara ya kwenda bara ililala katika vibanda vile vile miaka nenda miaka rudi, na papasi wakangoja ndani ya vumbi la sakafu. Papasi ana subira ya ajabu, aweza kukaa miaka bila kula.

Mwaka 1905 madaktari wawili wa Liverpool, Joseph Dutton na John Todd, walikuwa Kongo wakiichunguza homa hii. Walithibitisha kwamba kijidudu chenye umbo la ond hupita kutoka kwa papasi kuingia kwa mtu. Wote wawili waliambukizwa katika kazi hiyo. Todd alipona. Dutton alifariki Februari mwaka huo huo huko Kasongo, mji wa Manyema ambao Waswahili wenzetu wa misafara waliujenga na ambao hadi leo husema Kiswahili. Kijidudu hicho kimepewa jina lake, Borrelia duttonii. Karibu na wakati huo Koch, akiwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, alikuta kwamba papasi jike hupitisha kijidudu hadi kwenye mayai yake. Ndiyo maana nyumba yenye papasi haisafiki kwa kungoja wazee wao wafe.

Homa ya papasi humpanda mtu siku chache, ikashuka, akafikiri amepona, kisha ikarudi baada ya wiki moja hivi. Sababu yake ilikuja kujulikana baadaye: kijidudu hubadili vazi lake la nje. Mwili ukishajifunza kulitambua vazi la kwanza, wachache waliobadili huzaliana upya. Kwa mama mjamzito ni hatari kubwa, kwake na kwa mtoto tumboni.

Hapa kwetu, mwaka 1950, mtafiti G. A. Walton alichapisha uchunguzi wake kuhusu homa hii katika wilaya ya Digo, leo Kaunti ya Kwale, na baadaye akaendelea kuchambua tofauti za papasi wa Afrika Mashariki. Tangu hapo nyumba nyingi zimepata sakafu ya saruji, na papasi amepungua. Lakini palipo na kuta za udongo zenye nyufa na kitanda kilicho karibu na ardhi, usimtoe mawazoni. Na jambo la faida: kijidudu hiki huweza kuonekana kwa darubini katika damu ile ile inayochukuliwa kupima malaria, mpimaji akiwa anajua cha kutafuta. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kijiti, hakiwezi kukionyesha.

VIROBOTO: TAUNI NA HOMA ZISIZO NA JINA

Ugonjwa wa viroboto unaojulikana kuliko yote ni tauni. Waislamu tunakumbuka tauni ya Amwas, iliyoipiga Sham zama za Sayyidna Umar, na yale mafundisho kwamba asiingie mtu penye tauni wala asitoke akiikimbia. Karantini ya leo haiko mbali na hapo.

Lakini ilivyokuwa ikipita haikujulikana mpaka 1898. Daktari Mfaransa Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, alimweka panya mgonjwa mwenye viroboto ndani ya chombo, kisha akamtundikia panya mzima ndani ya kizimba cha waya karibu yake, wasigusane. Panya mzima akaugua. Kilichovuka waya ni kiroboto. Wenzake wengi walimcheka, na ilichukua miaka kadhaa akubaliwe. Mwaka 1914 watafiti wa Uingereza wakaeleza namna hasa: vijidudu huziba tumbo la kiroboto, njaa ikamshika, akauma na kuuma tena, na kila mara hutapika vijidudu kwenye jeraha.

Huku kwetu tauni ilisafiri na biashara ya Bahari ya Hindi na reli. Mwaka 1902 bazaa ya Wahindi ya Nairobi ilichomwa moto kwa amri ya serikali kwa sababu yake. Isifikiriwe ni habari ya kale tu. Lushoto, milima ya mkoa wa Tanga, ilisumbuliwa na tauni kwa miaka mingi kuanzia 1980, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamefanya kazi kubwa ya kuchunguza panya na viroboto wa huko. Mwaka 2017 Madagaska ilipata wagonjwa zaidi ya 2,400 na vifo zaidi ya 200.

Zaidi ya tauni, kuna kundi la vijidudu liitwalo riketsia, linalopitia kwa kupe na viroboto pia. Kati ya 2006 na 2008 watafiti walichunguza damu ya wagonjwa wa homa katika hospitali ya Garissa, wale ambao homa yao haikuwa malaria. Katika wagonjwa 163, 6 walikutwa na riketsia inayobebwa hasa na kiroboto wa paka. Walikuwa na maumivu ya kichwa, kichefuchefu, na maumivu ya misuli, mgongo na viungo. Nani kati yetu hajaenda zahanati na dalili hizo akatoka na dawa za malaria?

Idadi ni ndogo, na sitaki msomaji awafukuze paka wake. Paka ni wetu, na Lamu bila paka si Lamu. Nasema tu kwamba homa si moja. Homa nyingi za riketsia hutibika kwa doksisiklini, dawa ya siku nyingi na isiyo ghali, lakini lazima daktari aiwaze kwanza. Kipimo cha malaria kikisema hakuna, mwambie daktari kama umeumwa na kupe, kama nyumbani kuna panya au viroboto, na kama una kidonda kidogo chenye kigaga cheusi. Kidonda hicho ni dalili ya homa ya riketsia za kupe.

FUNZA, MGENI ALIYEKUJA KWA MELI

Funza si wa asili ya Afrika. Alitoka Amerika ya Kusini, akaingia Angola mwaka 1872 pamoja na mchanga uliobebwa ndani ya meli kuipa uzito. Kwa njia za misafara na miguu ya wapagazi akavuka bara zima, na kabla ya karne kwisha alikuwa amefika pwani yetu na visiwani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwachunguza watu 1,086 katika vijiji vya Kakuyuni na Malanga, Kaunti ya Kilifi. Robo yao walikuwa na funza. Si wachawi, si wavivu, si wachafu, kama wengine wanavyopenda kusema. Funza huzaliana katika mchanga na vumbi la sakafu, na anayelala juu ya sakafu ya udongo ndiye anayepatikana. Mtoto mwenye funza hutembea kwa visigino, huchekwa shuleni, mwisho haendi.

Watu wengi huchokonoa funza kwa pini au mwiba, na pini moja hupita miguu ya watoto wote wa nyumba. Hiyo ni njia ya pepopunda na maradhi mengine ya damu. Katika utafiti mwingine uliofanywa humu nchini na kuchapishwa mwaka 2013, watoto walitibiwa mguu mmoja kwa maji ya dawa ya zambarau yanayotumika siku zote, na mguu wa pili kwa mafuta mepesi ya dimetikoni. Baada ya siku 7, asilimia 78 ya funza wa mguu wa mafuta hawakuwa tena na dalili za uhai, na kwa mguu wa maji ya zambarau ni asilimia 39. Mafuta hayo si sumu. Huziba tu tundu ambalo funza anapumulia. Tatizo ni kuyapata kwa bei ya mwananchi.

KUPE NA UDHIA

Jambo moja kwa wachinjaji wetu. Kuna homa ya kutoka damu iitwayo ya Crimea na Kongo, kwa kuwa iligunduliwa Crimea mwaka 1944 na kijidudu chake kikapatikana pia Kongo mwaka 1956. Hubebwa na kupe, na mnyama haonyeshi kuugua, lakini damu yake humwambukiza anayechinja. Kenya iliwahi kupata mgonjwa mwaka 2000. Nchi kama Iraq na Pakistan, ambako ipo, huwahimiza watu kila Idd kubwa wawe waangalifu. Huku ni nadra, lakini tahadhari haina gharama: ondoa kupe kwa dawa wiki mbili hivi kabla ya kuchinja, usimpasue kupe kwa vidole, vaa glovu na viatu vilivyofunikwa, na usiwaachie watoto kushika damu. Udhia ni ibada, na kulinda nafsi nako ni katika dini.

YA KUSHIKA

Kwa mfugaji: kagua masikio ya ng'ombe kila siku, ndani na nje. Kwa kuwa vimelea vya ndigana huchukua siku kadhaa kuiva ndani ya kupe, kupe aliyeondolewa leo huenda hajafanya kazi yake. Ukiona mtoki na joto, usingoje kesho. Mwite daktari wa mifugo umtajie ndigana kwa jina. Ukinunua ng'ombe wa gredi, uliza kama amechanjwa, na ukusanye majirani.

Kwa mwenye nyumba: ziba nyufa, inua kitanda, mwagia maji sakafu ya udongo kabla ya kufagia, na ukiweza anza saruji kwa chumba wanacholala watoto.

Kwa viongozi wetu wa kaunti: majina ya Mariakani, Kilifi na Marikebuni yamesafiri hadi maabara za Ulaya na Marekani yakiwa yameandikwa juu ya mirija midogo. Vimelea vyetu vimesaidia kuijenga elimu hii. Si haki elimu hiyo izunguke dunia nzima isifike nyuma ya nyumba ya mjane wa Mtwapa. Mtungi mmoja wa naitrojeni na gari moja la kuzunguka vijiji si mradi wa mabilioni.

Waswahili walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Kupe ni mdogo kuliko mwiba. Shangazi sasa ameanza chama kipya, na safari hii wamo wanawake 17. Hawajanunua ng'ombe hata mmoja bado. Kitu cha kwanza walichoandika kwenye daftari lao ni neno chanjo. Inshallah watafika 40.